Dawa ya Mtoto wa Kwetu

Mama alimpenda yule mwizi. Nalisema mapema ili msinisumbue njiani kwa kuniuliza ilikuwaje mwanamke mzima, aliyelea watoto na kuzika mume, akakubali kumeza vidonge vya mtu ambaye hajawahi kumwona hata uso. Alimpenda, basi. Mimi niliyekuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, nikilikumbuka hilo mpaka leo hasira inanipanda mpaka kichwani.

Sisi ni Wanyarwanda wa Burundi. Mama alikulia Bwiza, pale Bujumbura, mtaa ambao njia zake zina namba badala ya majina, na mtu akikutana na mtu swali la kwanza ni moja: wewe ni wa avenyu ya ngapi? Ukijibu, basi, umeshajulikana ulisoma na nani, ulichota maji bomba gani, na mama yako aligombana na nani. Hapo salamu zinaisha, vinaanza vicheko. Mimi pia nilizaliwa huko, ila niliondoka ningali msichana, kwa hiyo Bwiza yangu ni ya kusimuliwa. Ya Mama ni ya kweli, anaweza kuitembea akiwa amefumba macho.

Hapa Kigali watu wana Kiswahili, sikatai, lakini ni Kiswahili cha kazi. Wanakitoa sokoni wakitaka bei ipungue, wanakitoa wakitaka kugombana, wakimaliza wanakirudisha mfukoni na kuendelea na Kinyarwanda chao. Mama Kiswahili ndicho anachoota nacho. Hata rozari anaisali kwa Kiswahili, na jumuiya ya kanisani ilishazoea: sauti zote zinakwenda huku, yake peke yake inakwenda kule, na mwisho wanakutana kwenye Amina. Zamani alikuwa na rafiki zake wa Bwiza waliorudi pamoja naye. Walikuwa wakikaa uani kwetu Nyakabanda wakicheka mpaka majirani wanachungulia. Wamekufa mmoja mmoja. Wa mwisho tulimzika msimu wa mvua, na Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake bila kuvua kitenge cha msiba mpaka jioni.

Kilichomuumiza zaidi baada ya hapo yalikuwa magoti. Kigali haina tambarare. Ukitaka chumvi unapanda, ukitaka kusali unapanda. Kanisa letu liko juu kabisa, na Mama ni mnene, mnene wa kweli, ule ambao nyumbani Bujumbura ulikuwa sifa ya mume wake. Akawa hafiki tena kanisani. Akawa anasali kwenye simu niliyomnunulia, ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia.

Nikampeleka kwa daktari wa mifupa. Daktari alikuwa kijana mpole, akazitazama picha za magoti, akamwambia, “Mama, hili goti tunaweza kulitengeneza. Lakini kwanza upungue. Kwa uzito huu na presha hii siwezi kukulaza mezani.” Tulipotoka nje Mama alinishika mkono, akasimama, akasema, “Kumbe inawezekana!” Uso wake ulikuwa umeng'aa. Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na shughuli moja tu, nayo ni Mama apungue ili apasuliwe, apone, apande kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko hicho.

Tulianza vizuri. Ndizi tukapunguza, mihogo tukaaga, tukala dodo, yaani mchicha, za kuchemsha mpaka tukachukiana. Mizani ilishuka, lakini ilishuka kwa kujivuta. Mama alikuwa akishuka kwenye mizani pale duka la dawa akiwa amenuna. “Mi nitakufa ningali kwenye foleni ya kupungua,” akaniambia, na hakuwa anatania.

Ndipo akaiona ile video. Mwanamke mwembamba ameshika suruali kubwa mbele yake, anacheka, na maandishi yanapita chini kwamba mafuta yote ya mwili yanayeyuka kwa mimea ya asili, bila njaa, bila mazoezi. Mama akabonyeza. Wakamjibu kwa maandishi, kwa Kinyarwanda kizuri tu. Sasa Mama kuandika kwenye simu hawezi, vidole vinamkosea herufi, kwa hiyo akashika kile kidude cha kurekodi akawajibu kwa sauti, na kwa Kiswahili chake. Kisha ikaja sauti.

“Eeh, Mama! Hiyo Kiswahili naisikia! Wewe uko wa kwetu kabisa, wa Buja!”

Nilikuwa nimekaa pale pale nikimenya viazi. Nilimwona Mama anavyoinua kichwa. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa makamo, nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake, na nikiri kwamba hata mimi moyo ulishtuka, maana ndivyo walivyokuwa wakiongea wale mabibi uani kwetu.

“Wewe ni wa avenyu ya ngapi, mwanangu?” Mama akauliza.

“Mama, tulitoka mi ningali kadogo sana. Lakini nyumbani walikuwa wanatajataja Bwiza.”

“Bwiza avenyu ya saba?”

“Iyo iyo, Mama!”

“Kule karibu na kinu ya mahindi?”

“Kwenye kinu kabisa! Jamani, Mama, unanitoa machozi!”

Mimi nikaangusha kisu kwenye beseni kwa kucheka. “Mama,” nikamwambia, “avenyu umeitaja wewe. Kinu umekitaja wewe. Yeye amesema ndiyo tu.”

Nilijua ninachosema, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Nauza masanduku na mabegi ya safari Nyabugogo, karibu na kituo cha mabasi, na pale huwezi kuuza kwa kuwa na begi zuri; wote tuna begi lile lile. Unauza kwa kumwacha mteja ajitaje. Unamwambia, sura yako si ngeni, wewe si wa upande wa kule mashariki? Anasema, ndiyo, Kayonza. Eti Kayonza! Shemeji zangu wako huko! Basi, ameshakaa kwenye kigoda chako, na begi ameshalishika. Ni utani wa biashara, begi nampa la kweli na kesho akirudi ananikuta mahali pale pale. Lakini mtego ni ule ule, na niliutambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

Mama alinikata jicho. “Wewe kila mutu kwako ni mwizi. Nyabugogo imekuharibu.”

Kopo lililetwa na motari, kijana wa pikipiki, siku ya pili yake, limefungwa kwenye gazeti. Kopo jeupe, jani la kijani limechorwa mbele, na ndani vidonge vya rangi mbili. Maelekezo hayakuwepo kwenye kopo, yalikuja kwa sauti. Kila asubuhi simu inalia, Mama anaiweka juu ya meza, na yule mwanamke anaanza: amelalaje, magoti yanasemaje, jana amekunywa maji kiasi gani. Mama anamjibu, na jibu linageuka kuwa hadithi, na hadithi inageuka kuwa Bwiza, na mimi ninayechelewa kazini napita katikati yao na mkoba wangu begani. Nilikuwa nasikia Mama anacheka tena. Mungu anisamehe, kuna asubuhi niliondoka nikiwa nimefurahi kwamba anacheka.

Na alipungua, tena kwa kasi! Alikuwa anakwenda chooni mpaka nikamwonea huruma, lakini gauni lake la Jumapili likaanza kumpwaya kiunoni, akawa analishika kwa pembeni na kulivuta ili nione nafasi. Kwenye mizani alitaka mwenye duka asome kwa sauti ili wote waliokuwa dukani wasikie. Aliniambia, “Mwanangu, Pasaka mi niko kanisani.”

Kisha nikaanza kuona mengine. Midomo imekauka, imepasuka. Mikono inatetemeka akishika kikombe. Misuli ya miguu inambana ghafla, anapiga yowe, inabidi nimkande. Siku moja nilipomfungia kamba ya gauni mgongoni, niliweka kiganja changu kati ya mabega yake na nikasikia moyo unavyokwenda: mara mbio, mara kimya, mara mbio. Nikachukua lile kopo bila kumuaga, nikateremka nalo mpaka duka la dawa.

Mfamasia alilizungusha kopo mkononi, juu, chini, pembeni, akitafuta. “Dada,” akasema, “mimi siwezi kukuambia hii ni nini, kwa sababu hata aliyeitengeneza hajasema. Dawa inayojulikana inaandikwa kilichomo ndani na kiasi chake, nani kaitengeneza, toleo la ngapi, inaisha lini, na imesajiliwa wapi. Hapa kuna jani tu.” Nikamwambia, lakini inafanya kazi, amepungua. Akanitazama kwa huruma. “Hilo ndilo linalonitisha. Mimea mitupu haifanyi hivyo. Wengine huweka humo dawa za kukojoza na za kuharisha, wakaita mimea. Mtu anapoteza maji, mizani inashuka, anadhani ni mafuta. Mama yako ana presha? Na dawa zake za presha bado anakunywa?”

Nikasema ndiyo. Nilipofika nyumbani nikafungua kikasha cha dawa za presha. Zilikuwa zimejaa.

“Aliniambia zinagombana,” Mama akasema, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. “Nisichanganye za hospitali na za asili. Na nisimwambie daktari. Madaktari hawapendi dawa za asili, zinawaharibia kazi.”

Jamani! Muuzaji anayekukataza kumwambia daktari, huyo unahitaji ushahidi gani mwingine? Nikaichukua simu, nikaenda kusimama nje kwenye ukuta, nikampigia. Sauti ikapokea kwa furaha, ikadhani ni Mama. Nikasema mimi ni mwanawe, nataka nije dukani nimchukulie kopo jingine mwenyewe.

“Ah, usisumbuke, dada. Sisi tunaleta mpaka mlangoni.”

“Mimi napenda kutembea. Duka liko wapi?”

Akasita. “Kabuga. Karibu na soko. Mulango wa bluu. Lakini hii wiki tumefunga, tunapokea mizigo. Na chukua haraka, zimebaki chache.”

Mizigo inapokelewa, na papo hapo zimebaki chache. Hata sisi wa Nyabugogo tungeona haya kuyasema hayo kwa pumzi moja. Nilifunga duka langu, nikapanda basi la Kabuga.

Mlango wa bluu ulikuwepo kweli. Ndani yake palikuwa na magunia ya chakula cha kuku, vumbi la pumba limetanda hewani, na mama mmoja mnene mwenye aproni ameketi kwenye gunia. Hakungoja hata nimsalimie. “Na wewe ni wa vidonge?” akaniuliza kwa Kinyarwanda. Nikasema ndiyo. Akapiga makofi ya kuchoka, pa, akashusha pumzi. Aliniambia wanakuja kina mama, wanakuja mabinti wanaojiandaa na harusi, na kuna mwanamume aliwahi kuja kumfokea mbele ya wateja kwamba amemuua mke wake, na mke mwenyewe alikuwa bado yuko hospitali. Yeye hajui chochote. Mtu aliona tu mlango una rangi, akautaja. “Nitaupaka rangi nyingine,” akasema, “nimechoka kuombwa nirudishe nisichokichukua.” Nilimwomba radhi kwa niaba ya nani sijui, nikanunua maji kwake, nikarudi kituoni.

Ndani ya basi niliufungua ukurasa wao kwenye simu, nikautazama vizuri kwa mara ya kwanza, bila haraka. Wanawake waliopungua walikuwa wengi, kila mmoja na jina lake na ushuhuda wake, mmoja wa Musanze, mmoja wa Huye, mmoja wa Ulaya. Lakini nyuma yao wote palining'inia pazia moja la maua, limechanika kona ile ile. Namba ya kulipia nayo haikuwa tena ile aliyolipia Mama, na jina la mwenye namba lilikuwa la mwanamume. Vyote vilikuwa wazi pale, mchana kweupe, kwa yeyote mwenye nafasi ya kutazama. Mama hakutazama kwa sababu Mama hakununua kwa macho.

Nilimweleza yote jioni ile ile, kopo likiwa mezani kati yetu. Mlango, kuku, pazia, jina la mwanamume. Nilieleza kama mwanasheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa mapajani.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Mama.”

“Hebu niambie. Katika Kigali hii yote, nani mwingine amebaki wa kuongea na mimi hivyo?”

“Mama, huyo si wa Bwiza!”

“Unajuaje? Wewe Bwiza unaijua?” Sauti yake ilipasuka. “Mutu wa kwetu hawezi kuniua. Hata angekuwa mwizi. Angeniibia, sawa. Lakini kuniua, hapana.”

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nikachukua kopo, nikaenda chooni, nikamwaga vyote. Mama alivisikia vikianguka. Nilimrudisha kwenye dawa zake za presha, nikamsimamia akizimeza, na nikadhani nimeshinda. Kumbe kopo la pili lilikuwa limeshakuja siku nyingi, akalificha, na wala sikujua.

Alianguka asubuhi akimimina chai. Birika liliangukia kwanza sakafuni, kisha yeye, taratibu, ameshika kona ya meza. Moyo wake haukuwa na mpangilio wowote. Majirani walinisaidia kumbeba mpaka barabarani, wanaume wa nguvu, maana hata alivyopungua bado alikuwa Mama. Hospitali wakampokea mbio mbio, wakamfunga waya kifuani, wakachukua damu. Daktari wa zamu, mwanamke mwenye sauti kavu, akatoka akanieleza: chumvi za damu zimeshuka vibaya, ndizo zinazoendesha moyo, na figo zimekauka. Akauliza, anakunywa nini? Nikamwambia yote. Nikampa na kopo tupu nililokuwa nimelihifadhi. Akaligeuza, akaliona jani. “Hatujui wameweka nini humu, kwa hiyo hatujui tunapigana na nini,” akasema. “Tutamrudishia maji na chumvi. La muhimu asimeze tena hata kimoja. Safari nyingine moyo hautarudi.”

Wakamtundikia dripu. Siku ya kwanza akapata nafuu kidogo. Iliyofuata, damu ikapimwa, chumvi imeshuka tena. Wakaongeza. Ikashuka tena. Daktari alikuja akasimama miguuni pa kitanda, akaitazama karatasi, akamtazama Mama, akanivuta pembeni. “Dada, tunachoweka kinatoka. Kuna kitu bado anakimeza.”

Nilipekua mkoba wake. Nilipekua chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye viatu. Simu nilikuwa nimemnyang'anya zamani, iko kwangu. Hakuna kitu. Nikainama sikioni kwake, nikamwomba. Nilimwomba kwa Kinyarwanda, nikamwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa jina la baba. Daktari alimwomba. Padri alikuja na sakramenti, nikamnong'oneza, naye akamwomba. Mama aligeukia ukuta.

Mwishowe aliniambia, na mpaka leo natamani asingeniambia. “Niko hospitali tayari,” akasema. “Yule wa magoti yuko hapa hapa, gorofa ya juu. Nimebakiza kidogo tu nifike uzito alioutaka. Wewe unataka waniandikie kurudi nyumbani hivi hivi?”

Nililia. Sikulia kwa kujificha, nililia mbele ya wodi nzima, kina mama wa vitanda vingine wakaninyamazisha kwa pole. Mama yangu alikuwa anajiua mbele yangu kwa matumaini, na hakukuwa na mtu wa kumzuia.

Ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa, jua limejaa dirishani, simu ikalia ndani ya mkoba wangu. Nilijua kabla sijaitazama. Nikaipokea. “Mama?” ikasema ile sauti. “Mama, umenyamaza mingi. Nina wasiwasi na wewe.”

Matusi yote ya Nyabugogo yalinijia mdomoni kwa pamoja. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini Mama alikuwa ameisikia, na akanyoosha mkono wenye sindano ya dripu, vidole wazi. “Nipe,” akasema.

Nikifikiri sasa, nilikuwa naweza kukataa. Ningekata simu, ningeitupa dirishani. Lakini ni nani mwingine alikuwa hajamwomba? Tulikuwa tumekwisha wote. Nikaiweka kwenye spika, nikaishika karibu na mdomo wake.

“Mwanangu,” Mama akasema, na ilibidi apumzike katikati, “mi niko hospitali. Moyo unaruka. Binti yangu anasema ni dawa yako.”

Nyuma ya ile sauti nilisikia chombo kinaoshwa, na mtoto mdogo anaitaita.

“Sikupigii kelele,” Mama akaendelea. “Mi nakuuliza kitu kimoja, na unijibu kama mutu wa kwetu. Mama yako mwenyewe, akiwa na magoti kama yangu, ungemupa?”

Nilingoja akate. Mwizi anakata, ndiyo kazi yake, anakata na kutupa laini. Kile chombo kikaacha kuoshwa. Mtoto bado anaita. Nilisikia mtu anavuta pumzi na kuirudisha.

“Usinywe tena, Mama,” akasema. Hapakuwa na kicheko ndani ya sauti, wala hakuivuta kwa madaha. “Hata kimoja. Usinywe.”

Kisha akakata. Nilipiga pale pale, haikupatikana. Nilipiga siku zilizofuata, haikupatikana tena kabisa.

Mama alilala akitazama dari. Baadaye akaingiza mkono chini ya shuka, akautafuta upindo wa kitenge alichojifunga kiunoni, kitenge ambacho wauguzi walimwachia kwa heshima kwa sababu ni mtu mzima. Kwenye pembe palikuwa na fundo. Alihangaika nalo kwa vidole visivyo na nguvu, na nilipotaka kumsaidia akanisukuma. Alilifungua mwenyewe. Akanimiminia vidonge kiganjani, vina joto la mwili wake, vimeanza kushikamana kwa jasho.

“Mwambie daktari,” akasema.

Moyo ulitulia ndani ya siku chache. Figo hazikurudi zilivyokuwa, na yule kijana wa mifupa aliteremka mwenyewe kutoka juu kuja kumwambia kwamba goti hatalipasua tena, si mwaka huu, si mwaka mwingine wowote. Alimwambia ameshika mkono wake. Mama akamjibu asante.

Mimi nasimulia haya kila ninapopata nafasi. Nawaambia wenzangu sokoni, nawaambia wateja: muulize mfamasia kwanza, muulize daktari, mtu asiyekuwa na duka usimpe mwili wako, na anayekuahidi kupungua haraka mkimbie kabla hujapungua. Wananisikiliza, wengine wananiuliza huyo mwanamke alikuwa nani ili wamlaani vizuri. Namlaani na mimi. Namlaani kwa sauti, kwa lugha zote ninazozijua, na nikikutana naye leo nitamshika ukosi mpaka polisi wanitoe.

Lakini nikimlaani nyumbani, Mama ananikatiza. Anakaa kwenye kiti chake, miguu imenyooshwa juu ya kigoda, ananitazama.

“Ninyi wote mulikuwa munalia pale, na mi sikuwasikia,” ananiambia. “Yeye angeweza kuniambia niendelee.”

Nami laana naiacha hapo, kwa sababu angeweza kweli, na Mama angeendelea.